Kazi Yangu Ilikuwa Kukaa

Tangazo la chuo kikuu lilisema hivi: mwanafunzi wa mfumo wa zamani ambaye hataleta mémoire yake kabla ya tarehe 25 mwezi wa saba, saa sita ya mchana, atahesabiwa kama mtu ambaye hakumaliza, na akitaka digrii, aanze upya katika mfumo mpya, mwaka wa kwanza. Binti yetu Nadège alinitumia picha ya tangazo hilo kwa simu, bila kuandika neno lolote chini yake.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Masomo ya kilimo alikuwa ameyamaliza miaka minne kabla, mitihani yote, kwa alama nzuri. Kilichobaki kilikuwa mémoire tu, kile kitabu cha mwisho ambacho mwanafunzi anakiandika mwenyewe na kukitetea mbele ya walimu. Chake kilihusu namna wakulima wa Beni wanavyokausha kakao. Kilikuwa kimesimama kwenye ukurasa wa ishirini na sita kwa miaka yote minne.

Mimi ninaitwa Zorobabel, ninaishi Butembo, na nina miaka sabini na minne. Nilianza maisha kwa kubeba magunia ya kahawa. Nikasoma shule ya jioni miaka sita, nikiwa tayari na mke na watoto watatu, na nikapata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, nikiwa na miaka arobaini, katika chumba kimoja na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Baada ya hapo nikawa msimamizi wa depo, na watu waliokuwa wakiniita kwa mluzi wakaanza kuniita monsieur. Ninasema haya ili msomaji aelewe kwa nini nilikuwa mgumu kwa mtoto. Niliamini kwamba anayetaka anaweza, na asiyeweza hataki.

Nadège ndiye kitinda mimba wetu. Tangu utoto, ukimpa kazi ya kuosha vyombo, ungekuta baadaye sahani mbili zimeoshwa, maji yamepoa, na yeye yuko kwa jirani anashika mbuzi anayezaa. Kila mwaka mpya alianza kuisoma Biblia kutoka kitabu cha Mwanzo, na sidhani kama aliwahi kutoka Misri. Lakini mtihani ukiwa kesho, alimeza masomo ya miezi mitatu kwa mara moja. Na huko Beni, kwenye depo ya kakao anakofanya kazi, malori matatu yakifika pamoja, wabebaji wanagombana na mvua inakuja, ni yeye peke yake anayekuwa mtulivu. Anatia mkono ndani ya gunia, ananusa punje, anasema kakao hii ilivundikwa siku moja pungufu, na hakosei.

Mwezi wa tano alikuwa ameniomba niende naye kwa Madame Bénite, mwanasaikolojia wa kituo kimoja cha afya huko Beni. Mama huyo mwenye sauti ya taratibu alinieleza kwamba jambo hili lina jina, TDAH, kwamba si uvivu wala si dharau, na kwamba mtu anazaliwa nalo. Kichwa cha namna hiyo, alisema, hakiwashwi na umuhimu wa kazi. Kinawashwa na haraka, au na jambo jipya, au na mtu mwingine aliye karibu. Basi kama msukumo hautoki ndani, lazima upangwe nje: saa, tarehe, watu. Niliandika neno hilo, watu, katika daftari langu, nikalipigia mistari miwili. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilirudi Butembo nikiamini kwamba nimeelewa.

Tangazo la chuo lilipofika, nilifanya hesabu yangu. Kama mtu mmoja karibu yake ni msukumo, watu mia nne ni msukumo mkubwa zaidi. Nilikwenda kwa Eliezer, katibu wa kanisa letu, na Jumapili ile, tarehe sita, alisoma mbele ya kanisa zima kwamba familia ya Papa Zorobabel na Mama Mariette ina furaha kuwaalika wote kwenye défense ya binti yao, ingénieur Nadège, atakapotetea mémoire yake, tarehe mbili ya mwezi wa nane. Mama wakapiga vigelegele. Nilisimama na kuinama kidogo, kama inavyofaa.

Jumatatu kundi la mama likachagua pagne, yaani kitenge cha sare, cha bluu chenye ndege wa njano. Jumatano ikawa imekatwa. Kwetu, pagne ikisha kukatwa, sherehe hairudi nyuma. Kwaya ikaanza mazoezi. Shangazi yake wa Lubero akatuma ujumbe kwamba amekwisha kutenga gunia la viazi. Na wote hao, mmoja baada ya mwingine, walimpigia Nadège simu kumpongeza kama ingénieur, mhandisi wa kilimo.

Mwanzoni alicheka nao. Alhamisi simu yake ikazimwa. Nilimpigia Victoire, mwenzake wa depo, akaniambia kwamba Nadège anakuja kazini, anafanya kazi ya watu watatu, halafu anarudi nyumbani kufua mapazia. Ameomba ruhusa ya wiki mbili kuanzia Jumatatu, aandike, lakini kompyuta hajaifungua. Anasema kila akiifungua anaona kanisa lote limekaa ndani yake.

Nilikasirika. Jumamosi, Mariette akiwa anapiga pasi, nilimwambia kwamba msichana mwenye watu mia nne nyuma yake anashindwa na kurasa hamsini, wakati mimi, baada ya kubeba magunia kutwa nzima, nilisoma peke yangu.

Mke wangu, ambaye huniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, aliisimamisha pasi.

— Papa Kitsa, weye unafikiri ulisoma peke yako?

Nilimwuliza ni nani mwingine aliyekuwa nami katika chumba cha mtihani.

— Hapana mu chumba cha mtihani. Ku meza. Kila jioni, nani alikuwa anaikala mbele yako?

Nilikubali kwamba alikuwepo. Alikuwa akichagua maharagi.

— Miaka sita nachagula maharagi. Sasa nani anachagula maharagi kwa saa mbili? Ilikuwa naisha kwa robo saa. Nilikuwa nayarudisha mu kitunga, naanza tena, sababu nikisimama, na weye unasimama.

Aliyasema haya bila uchungu, kama mtu anayekueleza mahali ufunguo ulipowekwa. Kisha akaongeza kwamba alipokwenda Lubero kumzika mama yake, wiki tatu, mimi sikufungua kitabu hata siku moja. Nilimwambia kwamba hilo si kweli, na kwamba ninaweza kulithibitisha, kwa sababu kila zoezi langu nililiandikia tarehe. Nilikwenda kwenye sanduku, nikatoa daftari la mwaka 1988. Kulikuwa na tarehe nne mwezi wa sita. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa tarehe ishirini na saba. Katikati yake hapakuwa na zoezi lolote, ila picha ya jogoo niliyoichora kwa mkono wangu mwenyewe. Jogoo mzuri, mwenye manyoya yote mpaka mkiani. Lazima alinichukua siku nyingi.

Nilikaa na daftari hilo magotini. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewasimulia watu, hata kwenye arusi zisizonihusu, kwamba nilijiinua mwenyewe. Mariette alirudi kwenye pasi yake. Baada ya muda aliniuliza kama shati la kwenda nalo Beni liwe jeupe au la mistari.

Jumatatu asubuhi nilipanda taksi. Njia ilikuwa imetulia siku hiyo, na kwenye kizuizi cha barabarani hawakutuchelewesha. Kadiri tulivyoteremka joto lilizidi, na kabla ya kufika Beni nilikuwa nimevua sweta na kufungua kifungo cha shingo. Nilimkuta Nadège uani kwake, ameng'oa mlango wa jikoni, anaupaka rangi ya kijani. Aliniona, akainua brashi.

— Papa. Nani amekufa?

Nilimwambia hakuna aliyekufa. Nikaomba kiti. Aliniletea kiti, akaniletea maji, akaanza kunieleza habari za rangi ile, kisha akaanza kulia, brashi ikidondokea kiatu chake.

— Bote bananiita ingénieur. Papa, miye naikala, nafungua, naangalia. Mikono inakatala. Haiko kusema miye sitake. Nataka sana. Na sasa pagne yao nitaipeleka wapi?

Maneno yangu yote ya zamani yalikuwa tayari mdomoni, maana nimekuwa nayo tangu akiwa mdogo. Niliyaacha. Nikamsimulia habari za maharagi, na za zile wiki tatu, na nikamwonyesha yule jogoo, kwa sababu nilikuwa nimekuja na daftari. Aliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu, machozi yakiwa bado mashavuni, na nikaona kwamba ningeweza kulifanya jambo lililobaki.

Nilimpigia Eliezer nikaiweka simu kwenye sauti ya juu.

— Eliezer, kamata kalamu. Utasoma hivi Jumapili: défense ya Nadège haina tarehe. Tarehe ilitoka kwa baba, hapana kwa mutoto. Baba anaomba samahani.

Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

— Papa Zoro, bamama bamesha kata pagne.

— Batavaa ku Noeli.

— Na ile neno samahani, niiweke kweli?

— Uiweke. Na usome polepole.

Sitasema kwamba haikuniuma. Nilikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa na sikuwa nimewahi kusomwa kwenye matangazo isipokuwa kwa jambo jema. Lakini Nadège alinyanyuka, akaenda kunawa rangi mikononi, akaiweka kompyuta mezani, akavuta kiti cha pili upande wa pili. Hakuniambia kwamba ni changu. Nilikaa.

Siku ya kwanza niliiharibu. Nilinyoosha shingo, nikasoma sentensi yake, nikamwonyesha neno la Kifaransa alilolikosea. Aliondoa mikono yake mezani, akaenda jikoni, na hakurudi kabla ya saa nzima kupita.

— Papa, usinisome. Ukinisoma nakuwa mutoto ya primaire. Fanya kazi yako.

Lakini sikuwa na kazi, na kwa mtu kama mimi kukaa mikono mitupu ni adhabu. Nilinunua daftari kwenye duka la jirani, na Nadège akanitafutia kitabu chake cha zamani cha hesabu, cha sekondari. Kulikuwa na milinganyo iliyonishinda mwaka 1990, ambayo niliivuka kwa kubahatisha siku ya mtihani. Nikaamua kulipiza kisasi.

Tulianza kila siku saa moja asubuhi. Kengele ya simu yake ililia kila nusu saa; tuliinuka, tulikunywa maji, alikwenda uani kugeuza kakao aliyoianika kwenye turubai kwa ajili ya majaribio yake, kisha tukarudi. Alipoinuka nje ya saa, sikumwita. Kazi yangu ilikuwa kukaa. Siku moja alikwenda kuomba chumvi, akarudi baada ya dakika arobaini na chumvi, mtoto mchanga wa jirani, na redio ya kutengeneza. Nilikuwa bado nimekaa, kalamu mkononi, na mlinganyo wa nane ulikuwa umenishinda kwa haki. Alinitazama, akamtazama mtoto, akaitazama redio. Akaenda kumrudisha mtoto. Redio aliiacha dirishani, na mkono wake uliielekea mara mbili kabla ya mchana, lakini haukufika.

Jioni, kabla ya kula, alinisomea ukurasa mmoja. Haukuwa wa kusahihishwa, tulikuwa tumekubaliana. Ulikuwa wa kusikilizwa tu. Alisema inamsaidia kujua kwamba kuna mtu anayengoja ukurasa wa leo. Na mimi kweli nilianza kuungoja. Nilifahamu kwamba kati ya wakulima arobaini aliowahoji, saba wamekimbilia mjini kwa sababu ya vita na mashamba yao hayafikiki, na kwamba aliwatafuta mmoja mmoja mpaka akawapata wote. Nilifahamu kwamba kuvu haiingii kwenye kakao wakati wa mvua, kama nilivyodhani, bali wakati watu wanapoirundika ikiwa bado na joto kwa kuikimbia mvua. Jambo hilo nililikataa. Nilikuwa na miaka ishirini ya depo ya kahawa, nikamwambia. Alinijibu kwa takwimu. Nikajibu kwa uzoefu. Tulibishana mpaka mboga ya sombe ikapoa, na nilipokuwa ninalala nilikumbuka kwamba katika miaka minne sikuwa nimemwuliza hata mara moja kakao inakaushwaje.

Siku ya sita umeme ulikatika na kompyuta ikazimika. Nadège alijilaza kitandani, uso ukutani. Nilikaa mezani kama kawaida, lakini safari hii kukaa hakukusaidia kitu, kwa sababu hakuniona. Zilikuwa zimebaki siku tano na sura mbili. Nilitoka nje nikampigia Mariette. Aliniambia nisimbembeleze wala nisimkemee, nimbadilishie mahali. Nilirudi ndani nikamwambia Nadège kwamba ninataka kuona depo yake, kwa kuwa mimi ni mtu wa depo na bado hajanionyesha. Aliinuka kwa ajili ya heshima tu. Huko kulikuwa na jenereta. Victoire alitupangusia meza kati ya magunia, malori yakaingia, watu wakapiga kelele, mzani ukagonga, mtu akaimba kwa Kilingala karibu na sikio langu. Katika ghasia hiyo binti yangu aliandika kurasa kumi na moja. Mimi sikuweza kumaliza hata mlinganyo mmoja. Tangu siku hiyo tulikwenda depo kila alasiri, na nikavumilia.

Alimaliza hitimisho Alhamisi jioni, tarehe ishirini na nne. Mwalimu aliyemwongoza aliipokea mémoire kwa barua pepe na kusema kwamba atasaini asubuhi mjini Butembo.

Ijumaa tuliondoka alfajiri. Njiani lori moja lilikuwa limekwama matopeni, na tulipoteza saa moja na nusu tukingoja livutwe. Kufika Butembo, tukampata mwalimu, akasaini. Kwenye kibanda cha kuchapisha kulikuwa na foleni. Nakala nne zilitoka saa nne na dakika hamsini, zikafungwa, bado zina joto. Chuo kilikuwa umbali wa dakika kumi na tano kwa moto, yaani pikipiki. Nadège alifungua nakala moja akiwa amesimama, akasoma ukurasa wa kwanza, na nikaona macho yake yakiwaka kwa namna ninayoifahamu tangu utoto wake.

— Papa, utangulizi ni mubaya. Nimeona sasa vile ingefaa kuanza. Nusu saa tu, nauandika upya, tunachapisha tena.

Alikuwa tayari ameanza kufungua mfuko wa kompyuta. Mwenye kibanda alinitazama. Nilikuwa na mengi ya kusema: saa, foleni, miaka minne, mwaka wa kwanza. Ningeyasema yote, angenijibu yote, na wakati tunajibizana saa sita ingepita. Sikusema. Nilitoka barabarani, nikasimamisha moto, nikapanda, nikakaa. Dereva aliuliza tunakwenda wapi. Nilimwambia angoje kidogo. Nyuma yangu niliacha nafasi ya mtu mmoja, na nikatazama mbele.

Sikugeuka. Nilisikia zipu ya mfuko ikifungwa, kisha hatua zake, kisha moto ikashuka kidogo kwa uzito wake, na kona ya zile nakala nne ikanichoma mgongoni.

— Ku chuo, akamwambia dereva. Na uende sana, huyu muzee haogope.

Karani alipiga mhuri saa tano na dakika ishirini na mbili. Nadège alimwomba apige tena kwenye karatasi tupu, ili aone kama ni wa kweli, na karani, ambaye nadhani alikuwa na binti pia, akapiga.

Siku ya défense chuo kitaitoa chenyewe. Inasemekana ni mwezi wa tisa, na mimi simwambii mtu.

Jumanne iliyofuata, mimi na Mariette tulipokuwa tumemaliza chai ya asubuhi, simu ililia. Ilikuwa Nadège, kutoka Beni. Alisema nguo chafu za wiki tatu zimejaa chumbani, kwamba anazipita tangu Jumamosi, na akauliza kama nina shughuli. Nilimwambia sina. Nikaiweka simu mezani bila kuikata, kwenye sauti ya juu, nikafungua kitabu cha hesabu kwenye mlinganyo wa kumi na tisa. Mariette alinitazama, akavuta kiti, akakaa pia, bila kuuliza. Kisha tukasikia maji yakimiminwa ndani ya beseni, na nguo ya kwanza ikianza kusuguliwa.